Mkono Uliozima Miwani

Iloilo, 9 Februari 2026

Bibi Puring,

Nauchukua mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kama mtoto anavyomwomba mkubwa baraka, ingawa ni kwa karatasi tu. Natumaini ule upande wa kushoto uliopooza haukusumbui sana asubuhi. Hapa sote wazima. Mama anakusalimu. Cherehani yake mpya imeanza kula uzi, na anasema ile ya zamani ilikuwa na adabu zaidi. Binamu Wenifredo ameposa, na wazazi wa msichana wanajifanya bado wanafikiria. Paka wetu amezaa ndani ya sanduku la nguo za sherehe, na Mama hataki aondolewe mpaka watoto wafumbue macho.

Mimi nimepata kazi. Ni ukarani katika ofisi ya mkoa inayoshughulikia wazee na watu wenye ulemavu. Mkataba ni wa miezi sita, unaisha Juni 30, na wakipenda wataongeza. Meza yangu iko karibu na mlango wa Madam Catalbas, mkuu wa kitengo, kwa hiyo hata chafya yangu naipangia muda. Nakuandikia kwa sababu jambo la kwanza nililokabidhiwa linakuhusu.

Kituo cha wazee cha San Roque kitaletewa miwani tisa ya uhalisia pepe. Mtu akiivaa haoni tena chumba alichomo. Anaona mahali pengine, na kutembea humo kana kwamba yupo. Kampuni imeijenga upya plaza ya San Roque kama ilivyokuwa zamani, kabla ya moto. Unapoingia unafika kwanza mbele ya mlango wa nyumba ya mbao, mtoto anatoka mbio kukukaribisha, kisha anakuongoza hadi plaza. Nimeiona orodha ya majengo, Bibi. Jengo la simu ulimofanya kazi limo, pamoja na ngazi zake.

Naambatanisha fomu. Tafadhali jaza vipengele vyote kumi na vinne, hata kama jibu ni "sina maoni", kwa sababu kipengele kitupu hunirudia mimi.

Mjukuu wako mtiifu,
Eliseo


San Roque, Antique, 27 Februari 2026

Seyo,

Mungu akubariki. Mkono wangu umelipokea paji lako, na nimeona limepata jasho. Acha kuogopa milango.

Mwambie mama yako cherehani inayokula uzi ina njaa ya mafuta, si ya adabu. Mwambie Wenifredo asiongeze ahadi; wakwe wanaofikiria huwa wanahesabu wageni tu. Mimi mzima. Ulimi bado unaburura maneno kama gunia, ndiyo maana sishiki simu. Cheka ukitaka. Miaka thelathini na moja niliunganisha simu za mkoa huu wote, sauti yangu watu waliijua kuliko kengele ya kanisa, na leo nikisema "halo" mtu wa upande wa pili anaita daktari. Lakini mkono wa kulia haukuguswa. Acha uandike.

Miwani ililetwa Jumanne. Tulikuwa tisa. Kampuni ilimtuma binti mmoja mpole, Jovelyn, mwenye sauti ya kuwabembeleza watoto wa chekechea. Akasema, "Wazee wangu wapendwa, inueni mikono yote miwili!"

Nikamwonyesha wa kushoto uliolala pajani. Nikajitahidi kutamka kwamba huo umestaafu.

"Anasema nini?" akauliza.

"Anasema huo umestaafu," Berto akanitafsiria, "na hata sherehe ya kuuaga haijafanyika."

Unamkumbuka Manong Berto, kaka wa wote, fundi wa kuchomelea vyuma. Alipovishwa ile miwani akasema, "Hii ni barakoa yangu ya kazini, ila wameiba kioo." Kisha akaenda akigonga meza, maana ana mtoto wa jicho pande zote mbili na humo ndani kila kitu ni kijivu juu ya kijivu.

Mimi sikufika popote. Mashine iliandika mbele ya macho yangu: SIMAMA WIMA ILI UENDELEE. Nikangoja. Ikaandika tena. Nimeketi kwenye kiti cha magurudumu mwaka wa nne sasa, na hakuna mtu aliyewahi kuniamrisha hivyo, hata padri. Nikaivua. Jovelyn akaniita bibi: "Umemaliza, Lola? Vizuri sana!" Akatia alama ya vema.

Waliofika mlangoni ndio niliotaka kukueleza habari zao. Consing alikuwa wa kwanza. Unajua sikio lake husikia tu ukimpigia kelele upande wa kanisani, yaani sikio la kulia. Hakusikia mtoto alichosema, lakini alimwona akija mbio, akatabasamu, "Ay, mzuri huyu!" Akanyoosha mkono. Akavua miwani, macho yamemjaa machozi.

"Amenikataa," akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Nimempa mkono auweke pajini abarikiwe, amezima taa."

"Labda umemnyooshea kwa ukali," Berto akamwambia.

"Basi nyoosha wako wa upole tuuone!"

Berto akanyoosha. Giza. Akaanza kufoka: "Shetani mdogo huyu! Nani amemlea?" Na wote waliofuata, mmoja baada ya mwingine, mtoto anakuja, mkono unanyooshwa, giza. Na kila mara Jovelyn anapiga makofi: "Umemaliza, Manang! Vizuri sana!" Tulirudi nyumbani tumenuna kama watu waliofukuzwa harusini. Consing anaamini ni dalili mbaya. Ameshaweka nia ya misa.

Fomu yako nairudisha. Kipengele cha kwanza nimekijaza: "Sijaona kitu." Hivyo kumi na vitatu vilivyobaki nimeviacha, maana vyote vinauliza nilivipendaje hivyo nilivyoviona.

Bibi yako,
Purificacion Sumagaysay


Iloilo, 18 Machi 2026

Bibi Puring,

Nauweka mkono wako kwenye paji la uso wangu. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika tarehe tano, lakini ofisini tulikuwa na siku ngumu. Mama ametia cherehani mafuta, na sasa inashona vizuri. Anasema hatakwambia, ili usijivune. Paka wamefumbua macho. Wenifredo amekubaliwa, harusi itakuwa Desemba.

Bibi, nimelichunguza jambo la mtoto. Si dalili mbaya, tafadhali mwambie Manang Consing asilipie misa kwa ajili hiyo. Miwani ina kamera zinazotazama mikono ya aliyeivaa, na kila ishara ya mkono ina maana yake. Nilisoma kitabu cha maelekezo chote. Ukurasa wa 61 unasema: mkono ulionyooshwa mbele, mgongo wa kiganja ukiwa juu, vidole vimelegea, maana yake ni "funga, nimemaliza". Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda chooni, nikasimama mbele ya kioo, nikanyoosha mkono wangu kama unavyonyoosha wewe nikikujia mlangoni. Ni uleule, Bibi. Hakuna tofauti hata ya kidole.

Waliotengeneza si watu wa huku. Nadhani kwao mtoto akija mbio, mtu hupunga mkono.

Kwa sasa nakuomba usimwambie mtu yeyote kwamba mimi ndiye niliyegundua. Karani aliyenitangulia aliuliza swali moja tu kwenye mkutano. Kalenda yake bado iko juu ya meza yangu, imeishia Novemba. Madam Catalbas hupiga mhuri kama anaua mende, na haulizi mende ana hoja gani.

Labda wazee wangeweza kuweka mikono mapajani mpaka mtoto apite? Ni sekunde nane tu. Nimezihesabu. Na kuhusu fomu, nakutumia nyingine. Kama huwezi kuandika "nzuri", andika hata "wastani". Neno "wastani" halimuumizi mtu.

Mjukuu wako,
Eliseo


San Roque, 8 Aprili 2026

Seyo,

Mungu akubariki, na akuongezee uti wa mgongo.

Pasaka imepita salama. Tulipeleka viti vyetu mbele ya kanisa tukaona maandamano yote, na Consing akaimba kwa sauti wimbo tofauti na wa wenzake, kama kila mwaka. Nimepokea biskuti alizotuma mama yako. Zilivunjika njiani, nimezila kwa kijiko.

Niliwasomea wenzangu ukurasa wako wa 61. Sikutaja jina lako. Nilisema nimeambiwa na ndege, na Berto akauliza ndege huyo anafanya kazi serikalini tangu lini. Lakini nilipofika kwenye ushauri wako wa mikono mapajani, wote walinigeukia. Nikadhani hawajaelewa ulimi wangu, nikaurudia. Walikuwa wameelewa mara ya kwanza.

"Nina miaka themanini na tatu," Berto akasema. "Mtoto akija mlangoni, mkono huu unakwenda wenyewe. Hauniombi ruhusa. Leo niufundishe kujificha kwa ajili ya sinema ya usoni?"

Jovelyn akasema kwa upole, "Lakini Manong, ni kidogo tu, mtazoea."

"Mwanangu, sisi tumezoea vita, moto na vimbunga vitatu. Sasa na iwe zamu ya mashine hiyo kutuzoea."

Consing, ambaye hakuwa amesikia lolote, aliona sura zetu akapiga meza, "Kabisa!"

Basi ndivyo tulivyo. Kila Jumanne tunakuja, tunavaa, tunanyoosha mikono, tunapata giza, tunavua, tunarudia. Berto anasema ni kama kugonga mlango wa mdeni. Siku moja atafungua kwa kuchoka. Jovelyn ameacha kupiga makofi. Nadhani ameanza kuelewa.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye jengo la simu, kila mtu aliyeomba kuunganishwa tulimwandikia tiketi: nani anapiga, kwa nani, saa ngapi. Chini kulikuwa na nafasi ya neno moja tu, "wameunganishwa". Siku yangu ya kwanza niliandika neno hilo mara niliposikia mlio upande wa pili. Msimamizi akaichana tiketi mbele yangu. Akasema, "Mlio si mtu. Ngoja mpaka huyu asikie sauti ya yule, na yule asikie ya huyu. Ndipo uandike." Siku moja mama mmoja alingoja kwa saa tano kumpata mwanawe aliyekuwa Saudia, na laini ikakatika akiwa amesema "Nak" tu, yaani "mwanangu". Ningeweza kuandika. Hakuna ambaye angejua. Sikuandika. Akarudi kesho yake, na kwa kuwa tiketi yake ilikuwa wazi, akawa wa kwanza kwenye foleni.

Umeelewa? Tiketi iliyoandikwa kwa uongo humtoa mtu kwenye foleni. Hakuna anayemrudia tena, kwa sababu kwenye karatasi ameshahudumiwa.

Hilo neno lako "wastani" linaumiza, Seyo. Fomu naitumia kufungia samaki mkavu.

Kitu kimoja zaidi. Kwenye barua yako umesema mlikuwa na siku ngumu ofisini baada ya barua yangu kufika. Hukusema ugumu wake. Umesaini nini?

Bibi yako


Iloilo, 2 Mei 2026

Bibi,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Nimekutumia dawa za miezi miwili na wino, kwa sababu nimeona kwenye barua yako kwamba wa zamani unaganda. Paka wote wamepata watu isipokuwa mmoja, ambaye Mama anajifanya hamtaki.

Sijui nianze vipi. Imeamuliwa kwamba miwani ya San Roque itachukuliwa mwezi wa Julai na kupelekwa kwenye ukumbi wa utalii hapa mjini. Kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba watumiaji tisa walianza, tisa walimaliza, na hakuna aliyekaa humo zaidi ya dakika moja. Tafsiri ya ofisi ni kwamba wazee hawakupendezwa. Nasikitika.

Joto ni kali huku. Kunywa maji.

Eliseo


San Roque, 30 Mei 2026

Seyo,

Mungu akubariki, japokuwa safari hii barua yako ilikuja bila paji la uso. Niliisoma mara mbili nikilitafuta.

Hukujibu swali langu. Basi najua jibu, na sitaliuliza tena.

Usijali mwandiko kupinda na kuwa wa penseli. Naandikia juu ya trei, na trei ina miguu mifupi. Dawa na wino nimepokea. Yule paka mpeni jina, mkishampa jina ugomvi utakwisha.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi. Tumeiandika sote, na mimi nilikuwa karani, kwa hiyo kila neno lilisemwa na mtu. Consing anataka maneno ya mtoto yaandikwe makubwa chini ya picha, kama kwenye filamu za Kikorea anazotazama, kwa sababu sikio lake halitarudi. Berto anataka weupe uwe mweupe na weusi uwe mweusi. Manang Toyang, ambaye mikono inamtetemeka, anataka mashine ingoje. Kila akichagua kitu inamchagulia kingine. Mimi nataka kuingia nikiwa nimeketi, kwa mkono mmoja. Na wote tisa tunataka tukinyoosha mkono mtoto aupokee.

Utaona hapo juu tumefuta neno "tunaomba". Berto aliuliza, "Tunaomba kwa nani? Si miwani ya wazee hii?" Tukaandika "tunataka". Chini kuna vidole gumba vinane na saini yangu. Ukawaulize hao wenye ukumbi wa utalii kama nao wana barua ya watalii tisa.

Mpelekee anayepaswa kuisoma. Kama unaogopa, ipeleke ukiogopa. Mimi nilikuwa naogopa radi, na waya zote za mkoa zilipita masikioni mwangu.

Bibi yako


Iloilo, 24 Juni 2026

Bibi Puring,

Nauchukua mkono wako kwa mikono yangu yote miwili na kuuweka kwenye paji la uso wangu, na naomba uuache hapo kidogo.

Mama alirudi kutoka kwenu Jumapili. Aliketi mezani bila kuvua viatu, akaniambia ile trei ni ya hospitali. Akaniambia kwamba Aprili 21 ulibaki wa mwisho kituoni, Jovelyn akiwa nje anafunga masanduku. Mashine ikakuandikia SIMAMA WIMA ILI UENDELEE, na ukasimama. Kwamba Consing ndiye aliyerudi akakukuta sakafuni, na nyonga ina ufa. Uliwaapisha wote wasiniambie.

Bibi, kwa nini ulisimama?

Hapana, usijibu. Najua. Nilikuandikia mimi mwenyewe kwamba ngazi za jengo lako la simu zimo.

Sasa la kwangu. Barua yako ya kwanza nilipokea tarehe 5 Machi. Tarehe 13 Madam Catalbas aliniwekea mbele taarifa ya kukamilika, na nafasi ya jina langu chini: "Mwandishi wa taarifa". Ilisema kwamba wazee tisa wameitumia miwani kikamilifu, wameridhika, na kwamba ni salama na inafaa kwa watumiaji wote. Barua yako ilikuwa ndani ya droo, karibu na goti langu. Nikasaini. Siku mbili baadaye ndipo nikasoma ukurasa wa 61, na bado sikusema. Ningekataa kusaini, mashine zingesimamishwa Machi, na wewe usingekuwa na kitu cha kukufanya usimame Aprili. Sina namna ya kulisema hili vizuri zaidi. Nimejaribu kwenye karatasi nne.

Jumatatu ilikuwa siku ya Mkurugenzi Sobrevega kuja kitengoni kusaini karatasi ya kuhamisha miwani. Nilipewa kazi ya kubeba kisanduku cha miwani ya sampuli. Chini ya kisanduku niliweka karatasi yenu, na barua yangu ya kuifuta saini yangu.

Alishika kalamu. Nikasikia mtu anasema, "Bwana, uvae kidogo kabla ya kusaini." Kumbe ni mimi.

"Seyo," Madam Catalbas akasema, bila kuinua sauti.

Lakini Mkurugenzi ana miaka sitini na nne na wajukuu saba, picha zao zimejaa kwenye simu yake na humwonyesha kila mtu. Akacheka. "Hii ndiyo miwani wazee waliyoichoka? Lete nione, mimi nami ni mzee."

Akavaa. Nikaona kichwa chake kikigeuka, akiitazama ile nyumba. Kisha akatabasamu, na nikajua mtoto ametoka. Mkono wake wa kulia ukanyooka mbele, kiganja chini, vidole vimelegea. Hakuwa ameufikiria hata kidogo.

"Imezima," akasema. "Imekwisha?"

"Kwa mujibu wa taarifa niliyoisaini, bwana, umemaliza," nikasema. "Na umeridhika."

Akairudisha usoni. Mtoto akaja, mkono ukaenda, giza. Mara ya tatu hakuvua miwani haraka. Alikaa nayo humo gizani, mkono bado umenyooka, na mwishowe akauliza polepole, "Na hao tisa wote walifanya hivi?"

"Wanane, bwana. Wa tisa aliambiwa asimame."

Nikampa barua yangu, kisha karatasi yenu. Aliisoma yote, na penye neno lililofutwa akaisogeza kwenye mwanga, akalisoma hilo lililofutwa pia. Kisha akauliza wa tisa yuko wapi sasa. Nikamwambia.

Miwani haitoki San Roque. Kampuni imeandikiwa irekebishe, na taarifa ya Machi imefutwa pamoja na jina langu. Jana Madam Catalbas alibandika orodha ya mikataba ya Julai. Nimeisoma kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Simo. Bado naogopa, Bibi, ila usiku huu naogopa kitu kimoja tu, kwamba hutanijibu.

Kalenda yangu nimeiacha mezani kwa atakayekuja. Chini ya Juni 30 nimeandika: "Uliza. Ukurasa wa 61."

Eliseo


San Roque, 19 Agosti 2026

Seyo,

Mungu akubariki. Mkono umebaki hapo ulipotaka ubaki.

Nilichelewa kwa makusudi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira na wewe, na mwandiko wa hasira hupasua karatasi. Wiki zilizofuata nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe kwa kusimama. Kisha ikaja sikukuu ya San Roque na kila mtu alikuwa na shughuli ya kula. Nyonga imeshikamana. Daktari anasema nisirudie. Nikamwambia sijawahi kurudia kosa, huwa nafanya jipya. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliitikia kwa heshima.

Wewe ulisaini tiketi ya uongo, kisha ukaenda ukaichana mbele ya msimamizi. Ya kwangu alinichania mtu mwingine. Hatutalizungumza tena.

Jumanne iliyopita Jovelyn alileta miwani iliyorekebishwa. Consing akatangulia, maana alisema yeye ndiye aliyekosewa kwanza. Mtoto akaja, maneno makubwa chini yake kama mabango ya uchaguzi. Consing akanyoosha mkono. Tukaona mkono umebaki hewani, haurudi. Mtoto alikuwa ameinama.

"Anafanya nini?" tukampigia kelele upande wa kanisani.

"Ameupokea!" akasema. Kisha akaanza kumgombeza kwa wembamba wake, na kumuuliza kama mama yake anampikia wali.

Berto alitoka humo akijifuta macho, anasema ni kwa sababu ya mwanga mkali, na kwamba mtoto huyo sasa amelelewa.

Mimi nikaingia nikiwa nimeketi. Mashine iliandika: KAA UTAKAVYO. Mtoto akauchukua mkono huu mmoja. Bila shaka sikuhisi kitu, ni hewa, lakini bega lilijua. Tukavuka plaza. Mti wa mkarafuu wameuweka mahali pasipo pake, nimeshawaandikia. Jengo la simu lilikuwa limesimama, rangi yake ileile, na kupitia dirisha la juu niliona kivuli cha mbao zetu za kuunganishia simu. Nikafika chini ya ngazi. Ziko ishirini na mbili, nimezihesabu. Hapo mashine ikaandika: INUA MAGOTI YOTE MAWILI KWA ZAMU ILI UPANDE.

Nikaivua.

Jovelyn akaja na kalamu yake. "Umemaliza, Lola?"

Nikamwambia, "Sijamaliza."

Akanielewa mara moja, Seyo, bila mkalimani. Akaandika: hajamaliza. Nikaomba niione hiyo karatasi, nikaisoma, nikaitia saini yangu. Ni ya kwanza ya kweli kutoka kituo hiki, na imeacha nafasi yangu kwenye foleni.

Sasa tuna barua ya pili ya kuandika, na hii itakuwa ndefu. Vituo vya miji jirani vimesikia, na wazee wao wananyoosha mikono na wana mengi ya kutaka. Mimi trei hii imenichosha, na Berto tahajia yake ni ya kuchomelea. Hatuna karani. Huku hakuna mkataba wa miezi sita wala orodha ya kubandikwa ukutani. Kuna chumba cha nyuma, samaki mkavu, na wazee tisa watakaokupigia kelele. Uoga wako uje nao, tutaufanyia kazi. Mtu anayesoma hadi ukurasa wa 61 kwa sababu ya uoga ana faida kubwa kuliko jasiri asiyesoma.

Njoo na kalamu yako. Ukifika nitakuwa mlangoni, nimeketi, nimekunyooshea mkono. Unajua la kufanya.

Bibi yako,
Purificacion Sumagaysay